Taa Nyeupe za Arusi ya Octave

29 Agosti 1954, siku ya Mungu

Mamere Godelieve, mtawa wa chumba chetu cha kushona hapa misioni, alinipa daftari hili niandike vipimo vya shingo na mikono ya watu. Vipimo nimeviweka kichwani tangu zamani. Humu nitaandika mambo ya Octave.

Leo baada ya misa, watu bado wamejaa mlangoni mwa kanisa, Octave alinishika kiwiko kama mtu anayemvusha mgonjwa mtaro. Octave ni karani wa ofisi ya teritori hapa Kasongo, na ni mchumba wangu tangu miaka minne. Akaniambia bila kupunguza sauti: "Émérance, tusidanganyane. Wewe ni mutu wa sindano. Mimi sasa naalikwa kwa Wazungu. Nahitaji mwanamuke wa kukaa naye salon." Akasema amekwisha kumpata, yuko Kabambare, anaitwa Célestine, binti wa Gérard, kapita wa wafanyakazi wa huko. Arusi ni Oktoba.

Mama Louise, muuza mafuta ya mawese, alikuwa hatua mbili tu nyuma yangu. Kufika saa sita mji mzima ulikuwa unajua. Baba yangu Raphaël alitazama ndani ya kofia yake kama kwamba jibu liko humo.

Nami nilijibu nini? Nilijibu: "Vizuri." Ee Mungu wangu, mtu anakuvua nguo mbele ya parokia nzima, wewe unasema vizuri! Neno hilo litanitafuna mpaka kaburini.

Ngoja ngoja huumiza matumbo, na langu linauma kweli. Lakini lako pia litauma, Octave. Nimeandika kwa wino.

31 Agosti

Jua kali. Vifungo kumi na sita. Nimejichoma mara mbili.

4 Septemba

Pascaline, dada yake Octave, alikuja chumba cha kushona na furushi kichwani. Alipolifungua nilijua kabla sijaona: shuka zangu. Shuka sita nilizodarizi kwa ajili ya kitanda chetu, O na E zimeshikana kwenye pembe, uzi wa bluu. Nilimpa Octave azitunze mwaka jana kwa sababu nyumba yetu inavuja.

Pascaline alikuwa anatazama chini. "Yaya, dada yangu, usinikasirikie mimi. Octave anasema kitambaa iko muzuri, uzi iko muzuri, si vema kutupa. Anaomba utoe ile E, utie C."

Nilifikiri nimesikia vibaya. Nikamwambia arudie. Akarudia, masikini, na machozi yakimlenga.

Nimezifanya zote sita leo. Nimefumua E moja moja kwa ncha ya mkasi, nikatia C. Ni C nzuri kuliko herufi zote nilizowahi kushona maishani. Matundu ya E hayakufutika, ukipitisha kidole utayasikia. Acha yabaki.

11 Septemba

Manyunyu ya kwanza. Mchwa wenye mabawa wametoka, watu wote wako nje na mabeseni.

Mamere ameona kwamba sili. Alinivutia kiti tu, tukakata karatasi pamoja. Yeye si kama mamere wengine. Miaka thelathini alikaa China ya kaskazini, kwenye nyumba ya yatima, mpaka serikali mpya ya huko ilipowafukuza. Alikuja Kasongo na sanduku moja, na ndani yake mikasi miwili midogo na picha ya mzee bawabu mwenye ndevu tatu. Mzee huyo ndiye aliyemfundisha taa za karatasi, na yeye amenifundisha mimi: unapasua mwanzi fito nyembamba, unazipinda duara, unafunga kwa uzi, unavalisha karatasi kwa gundi ya unga wa muhogo, na ndani unaweka kipande cha mshumaa. Karatasi nyekundu haipatikani Kasongo. Mimi ndimi niliyefikiria ngula, ule unga mwekundu wa mti ambao mama zetu wanawapaka watoto wachanga. Tulichanganya na mawese kidogo tukapaka. Tarehe 15 Agosti, sikukuu ya Bikira Maria, uwanja wa misioni uliwaka taa arobaini nyekundu, na ngoma zetu chini yake. Hata Waislamu wa upande wa soko walikuja kutazama. Mamere alinishika mkono akasema tumezaa kitu ambacho hakipo China wala Kasongo.

Leo alinieleza rangi. Nyekundu ni ya arusi, ya mwaka mpya, ya mtoto akitimiza mwezi mmoja, siku ile wanapika mayai na kuyapaka nyekundu na kuwagawia majirani. "Na nyeupe?" niliuliza.

Aliweka mkasi chini. Nyeupe ni ya maiti. Mwaka wa njaa walikufa watoto kumi na mmoja katika nyumba yake kwa wiki tatu. Bawabu alitengeneza taa nyeupe kumi na moja na maua ya karatasi nyeupe, akatundika mlangoni, na utepe mweupe mrefu wenye fundo chini, ili roho zisipotee njia. Mamere alinitajia majina yote kumi na moja. Alikuwa hajamtajia mtu, alisema.

20 Septemba

Mamere ameitwa Kabambare, mwenzake anayezalisha akina mama kwenye maternite anaumwa. Atarudi kabla ya arusi kama njia itakubali. Akiwa juu ya kamio, injini ikinguruma, alinipigia kelele: "Nyekundu, Émérance! Kwa arusi, nyekundu!" Maana mama mkubwa wa misioni amekwisha kutuambia: karani Octave anataka ukumbi wake upambwe na chumba chetu cha kushona. Yaani na mimi.

23 Septemba

Alikuja mwenyewe. Kofia, kalamu mbili mfukoni, kitabu cha picha cha duka la Ulaya kwapani.

"Émérance, hujambo. Nilijua hutakuwa na kinyongo. Nataka ile mambo ya China. Hakuna mutu Kasongo amefanya arusi ya vile, hata Wazungu hawajafanya."

Nikamwonyesha taa nyekundu. Akakunja pua.

"Hapana, hapana. Hii ni ngula. Ngula ni ya watu wa pori, ya wanawake waliozaa wanaopakwa-pakwa. Mimi ni mutu wa kisasa." Akafungua kitabu, akanionyesha bibi arusi wa Kizungu. "Unaona? Nyeupe. Taa nyeupe zote. Na maua ya karatasi, nyeupe."

Ulimi wangu ulikuwa tayari. Mamere amenifundisha, ni neno moja tu: hapana, Octave, hizo ni za maiti. Nilitazama zile kalamu zake mbili. Nikasema: "Vizuri."

Safari hii neno lilikuwa tamu. Asiyejua maana haambiwi maana!

"Niongeze na tepe nyeupe ndefu," nilimwambia, "zenye fundo chini? Ndivyo wanavyofanya wakubwa wa huko."

"Sawasawa!" akasema. "Unaona? Sindano yako ina akili."

30 Septemba

Mvua. Gundi inaota ukungu. Taa kumi na nne.

5 Oktoba

Mvua usiku na mchana. Kamio ya Kabambare, ile ya kumrudisha Mamere, imekwama njiani Wamaza, tope mpaka kwenye milango. Vizuri.

8 Oktoba

Taa ishirini na saba. Nazikausha juu ya jiko, moja moja, kama ndizi. Kila nikimaliza moja nasema jina lake: Octave. Kila fundo la utepe: Octave. Baba aliniuliza kwa nini ninacheka peke yangu. Nikamwambia ni kazi nzuri.

Sitaki afe, hapana. Niandike ukweli, sitaki afe. Nataka acheze dansi kwenye kilio chake mwenyewe, atabasamu, apigwe picha, na mimi nisimame kando nikijua. Nataka nimwone, na ukubwa wake wote, hajui hata rangi.

12 Oktoba

Wamesema kamio bado iko Wamaza. Vizuri, vizuri. Mvua endelea.

17 Oktoba, siku ya Mungu

Sikwenda misa. Niandike jana yote, nisiache.

Ukumbi wa serkle, chama cha makarani, ulikuwa mzuri. Lazima nikiri, sijawahi kutengeneza kitu kizuri vile. Taa arobaini nyeupe, juu kabisa, zinayumba kidogo kwa sababu ya upepo wa mvua. Maua ya karatasi kila dirisha. Tepe zilishuka mpaka karibu na vichwa vya watu, warefu walikuwa wanazisogeza kwa mkono. Watu waliingia, wote wakasema "Aaa!" kwa pamoja. Mke wa administrateta, mkubwa wa teritori, alipiga makofi ya glovu. Mama Louise alinikumbatia: "Binti yangu, umemupiga kwa wema! Adui umumwagie mafuta ya moto kwa wema wako!" Nilikaribia kucheka mpaka nianguke.

Célestine nilimwona kwa mara ya kwanza. Nilitazamia mtu mwenye kiburi. Ni msichana mwembamba, anatembea kwa uangalifu kama mtu aliyebeba maji. Alitazama juu, akauliza watu ni nani aliyefanya, akaja moja kwa moja kwangu. "Asante, dada. Nilikuwa naogopa sana leo." Nilimchukia zaidi kwa sababu ya hiyo asante.

Octave alihutubu. Alisema maendeleo, alisema mataifa, alisema "hata China imekuja kwa arusi yangu." Kisha akanyoosha mkono upande wangu: "Na tusimusahau Émérance, mutu wetu wa sindano." Wakacheka. Akaanza kucheza, na utepe mmoja ukamkalia begani, fundo lake kifuani kabisa, akacheza nao. Nilimwangalia. Nilikula ile picha kama mtu mwenye njaa. Cheza, nilisema moyoni. Cheza, maiti yangu.

Hapo mlango ukafunguka, na Mamere Godelieve akaingia.

Alikuwa ametembea tangu kamio ilipokwama mara ya pili, mwendo wa saa tatu kwa mguu. Matope mpaka magotini, kitambaa cha kichwani kimelowa, mkononi kifurushi kimefungwa kwa jani la mgomba. Alikuwa anatabasamu akinitafuta kwa macho. Halafu akatazama juu.

Sitaweza kuandika uso wake. Midomo yake ilikuwa inakwenda. Nilifikiri anasali. Kisha nikaelewa kwamba anataja majina, nikayahesabu, yalikuwa kumi na moja.

Alinifikia. Akauliza polepole, kwa Kiswahili chake cha kuvunjika: "Nani amekufa?"

Nilisema, "Mamere, ni yeye alitaka nyeupe."

"Nani amekufa, Émérance?"

Akakaa kwenye benchi chini ya taa, akalia. Kwa sauti, kama mama wa kwetu. Wanawake wakaona Mamere analia kwa furaha, wakapiga vigelegele! Kadiri alivyolia ndivyo walivyopiga. Mimi nilisimama pale na mikono yangu.

Alipomaliza alijifuta, akafungua kitabu chake cha misa, akang'oa ule utepe mwekundu wa kuwekea alama. Akapita katikati ya wanaocheza, akamfunga Célestine kwenye kifundo cha mkono, akamwambia asiuvue. Octave akapiga makofi. Akadhani ni sehemu ya sherehe.

Kabla ya kutoka alinipa kifurushi. Nilikifungua nyumbani. Ngula ya Kabambare, ile nzuri sana, laini kama poda. Alininunulia kwa ajili ya taa nyekundu.

Taa arobaini nilitundika. Na ukumbi mzima ulifurahi, na Octave alifurahi kuliko wote. Mtu mmoja tu alizisoma.

19 Oktoba

Mamere amesema neno moja tangu siku ile. Niliingia na maji yake ya kuoga, akasema akiangalia ukuta: "Uliwaita watoto wangu waje kukufanyia kazi."

3 Novemba

Mvua. Wameomba taa nyeupe kwa arusi mbili zaidi. Ninazitengeneza.

21 Novemba

Octave amepandishwa cheo. Bila shaka! Mungu ana mambo yake. Nilipita ofisini, akaniita dirishani kunionyesha meza mpya.

25 Desemba

Noeli. Watu wenyewe walikwenda kumwomba padri taa nyeupe kanisani. Mamere alibaki chumbani, akasema ana homa. Sasa Kasongo nzima inajua kwamba nyeupe ya China ni ya furaha. Ni mimi niliyewafundisha.

Bado namchukia Octave. Nilifikiri chuki itahama iende kwangu mimi mwenyewe, lakini hapana, inatutosha wote wawili.

9 Januari 1955

Homa ya Mamere si ya uwongo. Nimelala mlangoni kwake juu ya mkeka. Asubuhi aliniona akaniambia niache ujinga, nilale kitandani. Ni maneno mengi kuliko ya miezi mitatu.

2 Februari

Leo alinitaka nimkatie karatasi. Mikono yake haishiki mkasi. Nikauliza rangi gani. Akanitazama sana, akasema: "Unajua."

19 Februari

Mamere Godelieve amekufa alfajiri. Mvua ilikuwa imepumzika.

22 Februari

Siku ile ile nilitundika taa kumi na mbili. Moja kwa kila mtoto, moja yake. Maua meupe mlangoni, tepe zenye fundo chini. Mara hii kila kitu kilikuwa mahali pake.

Na watu walipokuja kilioni, ee mama yangu! Wa kwanza alikuwa Mama Louise. Alitazama juu, uso ukamfunguka, akauliza, "Nani anaoa?" Nyuma yake wengine wawili walikuwa wameanza vigelegele kabla ya kuona jeneza. Mama mkubwa wa misioni akaniambia niteremshe, si heshima, mapambo ya arusi juu ya maiti. Nilikataa. Nilikaa chini yake nimekumbatia nguzo. Walidhani huzuni imenipanda kichwani, wakaniacha.

Ndipo akaja Octave na mke wake. Miezi minne ya ndoa, na tumbo la miezi saba. Nilihesabu, kila mtu alikwisha kuhesabu. Basi ile haraka yake yote ya Agosti ilikuwa hiyo. Na siku ile ukumbini, chini ya taa zangu, walikuwa wamesimama watatu.

Octave alitazama juu akatabasamu. "Ah! Kama za kwetu." Akaenda kuwasalimia Wazungu.

Célestine hakwenda. Utepe mwekundu ulikuwa bado mkononi mwake, umechakaa. Alikaa chini karibu yangu, taratibu, mkono kiunoni.

"Dada," akasema, "kwangu ulitundika nyeupe. Kwa maiti unatundika nyeupe. Mamere akanifunga hii nyekundu, akilia. Niambie moja tu. Nyeupe ni ya arusi ao ya kilio?"

Ningeweza kudanganya.

"Ya kilio."

"Ulijua siku ile?"

"Nilijua."

Nilingoja anipige. Nilitaka anipige.

"Mimi silali vizuri kwenye zile shuka," akasema. "Chini ya C kuna matundu. Usiku napitisha kidole. Ni E. Nilimuuliza Octave, akasema wewe ulikosea, ukafumua. Nikajua anadanganya. Mutu anayeshona vile hakosei mara sita." Akashika tumbo. "Ulikuwa unataka kumuzika yeye. Sawa, nakuelewa. Lakini na mimi nilikuwa mule, na huyu alikuwa mule. Kwa hiyo una deni la kazi. Mamere aliniambia mutoto akitimiza mwezi ni nyekundu: wewe utakuja kuitundika. Mikono yako mwenyewe."

"Na Octave utamwambia?"

"Aka! Nimwambie bure?" Akainuka, akishika bega langu. "Hiyo nitaitunza. Siku ataniambia kwamba mimi pia ni mutu wa sindano, siku ile ndipo nitamwambia alicheza chini ya nini."

14 Aprili

Célestine amezaa msichana. Wote wazima. Godelieve, ndilo jina lake, mama yake ndiye aliyechagua.

2 Mei

Mvua zinaondoka. Napaka karatasi kwa ngula ya Mamere, mikono yangu myekundu mpaka viwiko. Padri aliniuliza kama nimechinja.

13 Mei

Célestine alikuja chumba cha kushona na mtoto mgongoni na furushi kichwani, kama Pascaline siku ile. Shuka sita. Akaziweka mezani. "Kata. Mutoto anahitaji vitambaa vya kumufungia mukojo."

"Zote?"

"Zote. Kitambaa iko muzuri," akasema, kwa sauti ya Octave kabisa, ile ya kukunja pua. Tulicheka mpaka mtoto akaamka.

14 Mei, Jumamosi, siku ya posho

Mwezi umetimia. Taa ishirini nyekundu uani kwa Octave, mayai sitini ya ngula ndani ya vikapu, na wanawake wazee wakaleta ngoma bila kuitwa. Octave alizunguka akiuliza ni nani aliyeweka rangi ya pori nyumbani kwake, mbele ya wageni wa ofisi. Célestine akamjibu bila kugeuka: "Mimi." Alimchukulia yai kikapuni, akamtia mkononi, na viganja vyake vikawa vyekundu, na suruali yake nyeupe, pale alipojifuta.

Alikula mawili. Sikumtilia kitu ndani.

Vile vitambaa nimevipinda vizuri na kuvipanga kwa mkono wangu. Cha juu kabisa, cha kutumiwa kwanza, ni kile chenye O. Mtoto amekwisha kukilowanisha.